Nguo Saba za Wenya

Kwa miaka kumi na miwili, karakana ya Bosi Lai ilisimama kwa amri ya mtu mmoja tu. Saa saba mchana Shangazi Sulian aligonga kifuniko cha sufuria kwa upawa, mara tatu, na mashine zote za overloki zikanyamaza. Watu kumi na tisa wakainuka wakishika viuno, wakaenda kula. Mimi nilimwandikia Bosi Lai barua nne zenye vifungu vya sheria, nikimtaka awape wafanyakazi wake mapumziko ya mchana yanayoeleweka. Hakujibu hata moja. Kifuniko hakikuandika barua, na kilisikilizwa kila siku.

Ninamwandika Shangazi Sulian kwa sababu nimechoka. Kila mwaka mtu wa gazeti anakuja Prato, mji wetu huu wa Italia, anapiga picha marobota yetu na madirisha yetu yenye vumbi, anaandika kwamba sisi Wachina ni watu wa kujificha, halafu anarudi kwao amevaa shati ambalo huenda lilishonwa hapa hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza Shangazi Sulian jambo lolote. Na yeye, ukimuuliza, atakwambia umenye kwanza vitunguu saumu.

Alifika mwaka 1993 kutoka kijiji cha milimani nyuma ya Wenzhou, yeye na mumewe, Mzee Guofu, ambaye wakati ule hakuwa mzee. Mama yangu alikaa naye mashine kwa mashine, ndiyo maana mengi ya haya nimeyasikia tangu natambaa chini ya meza za kukatia. Wote wanasema Sulian alikuwa fundi wa kutisha. Akipewa mchoro asubuhi, jioni gauni la mfano linaning'inia. Alishona nguo za wanawake wa Paris, Warsaw na Munich ambao hakuwahi kuwaona, na nguo zile ziliwakaa.

"Mjerumani nampima kwa akili," alikuwa akisema. "Mabega hivi, nyonga hivi, anapenda mkate. Basi."

Mtu mmoja tu alimshinda kumpima, naye ni binti yake.

Wenya alizaliwa mwaka 1996. Alipotimiza siku mia na kidogo alipelekwa kijijini kwa bibi yake, amebebwa na mama mmoja wa mtaani aliyekuwa anasafiri. Sitaki mtu amhukumu Sulian kwa hilo. Karibu kila familia ninayoijua hapa imefanya hivyo. Oda inaingia Jumatano, gauni linatakiwa dukani Ijumaa, na mtoto mchanga hajui Jumatano wala Ijumaa. Kuna watu wanawalaumu mama zetu. Mimi ninailaumu hiyo Ijumaa, na wale wanaoipanga wakiwa wamekaa kwenye ofisi zenye maua mezani.

Kwetu mtoto lazima avae nguo mpya siku ya Mwaka Mpya. Kwa hiyo kila mwaka, baridi ikianza, Sulian alishona nguo moja akaituma. Miaka saba, nguo saba. Jedwali la vipimo vya watoto lilikuwa limebandikwa ukutani mbele yake, mwaka mmoja urefu huu, miaka miwili urefu huu, na alilijua kuliko jina lake. Lakini kila alipoweka mkasi kwenye kitambaa aliona ni kikubwa mno, akapunguza.

"Sulian," mama yangu alimwambia, "mtoto ana miaka minne sasa."

"Najua."

Akapunguza tena upana wa kidole.

Bibi wa kijijini alikuwa mtu mwema. Kwenye simu alisema, "Limemkaa vizuri sana, kama alipimwa." Akatuma na picha: mtoto amelishika gauni mbele ya kifua chake kwa mikono miwili. Sulian aliibandika picha juu ya mashine na hakuuliza kwa nini mtoto amelishika badala ya kulivaa.

Mwaka 2003 Wenya akarudishwa. Mama yake alimpokea uwanja wa ndege wa Roma. Mtoto wa miaka saba, nywele zimekatwa usawa wa masikio, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye mistari.

"Shangazi," alimwambia mama yake, "bibi amesema nikupe hizi."

Ndani mlikuwa na nguo saba zimekunjwa, alama za pasi bado zipo. Hazikuwahi kuvaliwa hata mara moja, kwa sababu hazikuwahi kumtosha.

Mwaka mzima Wenya aliendelea kumwita Shangazi. Baadaye akaanza kumwita Mama, akaenda shule, akajua Kiitaliano kuliko sisi sote, akaolewa na Daobin, kijana mpole wa kutoka kijiji cha jirani. Mfuko wa nailoni ukapanda juu ya kabati ukakaa huko. Hakuna aliyeuzungumzia.

Macho ya Sulian yalipoanza kushindwa kuona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, Bosi Lai alimhamishia jikoni. Nilikuwa sekondari wakati huo, na nilikasirika kwa niaba yake. Fundi kama yule kupewa mwiko! Yeye alinitazama akacheka.

"We Wakili," aliniambia, na jina hilo likaniganda miaka mingi kabla sijasoma sheria, "gauni nikilishona linaondoka na lori. Supu nikiipika, naona mtu anaimaliza mbele yangu. Ipi bora?"

Alipika tambi nyembamba za mchele zilizokaangwa na mayai na kabichi, mipira ya samaki aliyoipiga mwenyewe mpaka ikadunda, mkunga mkavu, na wakati wa baridi mvinyo mwekundu wa mchele alioutunza kwenye mtungi nyuma ya mlango. Fundi wa pasi aliyeumwa tumbo alipikiwa uji wake peke yake. Aliyetoka kugombana na mkewe kwenye simu aliwekewa kipande cha nyama kikubwa zaidi, bila maneno. Ninapomfikiria mtu aliyeijua karakana ile kuliko wakaguzi wote wa serikali, ninamfikiria yeye.

Wakati huo Mzee Guofu alirudi kijijini kusimamia ujenzi wa nyumba. Akiba yao ya miaka thelathini iliingia katika nyumba ya ghorofa tano, yenye vigae vya rangi ya maziwa na nguzo mbili mlangoni. Kila asubuhi alipiga simu ya video, na Shangazi aliegemeza simu kwenye chupa ya siki huku akikata mboga.

"Umeona? Choo cha sita kimekamilika."

"Guofu, sisi tuko wawili. Choo cha sita cha nani?"

"Cha wageni! Lini unakuja?"

Mwaka jana mwezi wa tisa Wenya alijifungua mtoto wa kike, Ningning, na jibu la swali hilo likapatikana. Mipango ilipangwa haraka, kama ilivyo kawaida yetu. Wenya alikaa ndani mwezi mzima akila supu za mama yake, kisha akarudi kwenye overloki. Mtoto alilazwa kwa muda kwenye kikapu katika jiko la karakana. Baada ya sherehe ya mtoto kutimiza siku mia, Shangazi Sulian angeacha kazi na kuondoka na mjukuu wake kwenda kwenye nyumba ya ghorofa tano. Tiketi zilikatwa. Mzee Guofu alinunua kitanda cha mtoto chenye kengele.

Niliposikia nilikwenda pale mbio na vipeperushi vyangu. Nilikuwa nimeviandika mwenyewe, kwa lugha mbili, juu ya haki ya mtoto kulelewa na wazazi wake. Nilianza na Wenya, nikasimama kando ya mashine yake nikipiga kelele ili nisikike.

"Wakili, sogea, unanizibia taa," alisema.

"Wenya, wewe mwenyewe ulipelekwa. Unajua ilivyo."

"Nilipelekwa, nikarudi. Nimekufa?"

"Ulimwita mama yako shangazi!"

"Nani humu hakumwita mama yake shangazi? Hebu uliza. Nusu ya karakana." Alisukuma kitambaa chini ya sindano bila kuniangalia. "Na Ningning haendi kwa mtu mgeni. Anakwenda na bibi yake, anayempenda kuliko kitu chochote. Kuna bustani, kuna hewa. Hapa akae wapi? Kwenye boksi la nyuzi, ameze mavumbi? Wewe si ndiye unayesema karakana si mahali pa mtoto?"

Nilisema hivyo kweli, tena kwa maandishi. Nilisimama pale na vipeperushi vyangu mkononi.

"Umemaliza?" aliniuliza. "Basi nipe karatasi zako, nina samaki wa kufunga."

Nikaenda jikoni kwa Shangazi. Huko nilitoa hotuba ndefu zaidi. Nilisema tumejifanya watumwa wa saa za watu wengine, nilisema watoto wetu wanasafirishwa kama vifurushi, nilisema mengi. Ningning alilala kwenye kikapu kati ya gunia la mchele na ndoo ya kabichi, anatazama mvuke.

"Umemaliza?" aliuliza Shangazi, kwa sauti ile ile ya binti yake.

"Ndiyo."

"Menya vitunguu saumu."

Nikamenya. Sikujua kwamba wakati ule tayari kuna kitu kilikuwa kinamtafuna, na wala si hotuba yangu.

Alinieleza siku chache baadaye, Alhamisi mchana, nyumbani kwake. Aliniita nimshushie mfuko juu ya kabati kwa sababu bega lilimuuma. Niliutambua mara moja, mfuko wa nailoni wenye mistari. Aliuweka kitandani akakaa kando yake.

"Jumanne Ningning alicheka," alisema. "Kicheko chake cha kwanza, chenye sauti. Saa nne asubuhi nilikuwa nakata kabichi, kisu kikateleza, kabichi ikaviringika mpaka mlangoni. Akacheka!"

"Safi sana, Shangazi!"

"Safi. Wenya alikuwa nyuma ya ukuta, hatua ishirini. Mashine zinalia, hakusikia. Alipokuja saa saba kumnyonyesha akaniuliza, 'Bado hajacheka?' Nikamwambia, bado."

Akavuta kidogo kamba ya mfuko.

"Nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, acha adhani cha kwanza ni kile atakachokisikia yeye. Halafu nikiosha sufuria nikamkumbuka mama mkwe wangu. 'Limemkaa vizuri, kama alipimwa.' Na yeye alinionea huruma, miaka saba." Akanitazama. "Wakili, nikienda na mtoto kule, nitamdanganya Wenya kila siku. Na nitakuwa hodari, maana nampenda."

"Basi mwambie asimpeleke."

"Nimwambie kwa mdomo gani? Mimi niliyempeleka yeye?"

Alianza kuzitoa nguo moja moja, akaniomba niwashe pasi.

Sherehe ya siku mia ilikuwa Jumapili mchana, katika ghala la Bi Loretta. Bi Loretta ndiye mwenye nyumba wa Shangazi, mwanamke wa hapa hapa Prato, miaka themanini na mbili, sauti kama mlango wa chuma. Ghala liko upande wa pili wa ua, na karakana ya Bosi Lai iko ng'ambo ya barabara. Zamani mume wa Bi Loretta alichambua humo ghalani matambara ya sufu yaliyokuja kwa meli kutoka dunia nzima, yakasagwa yakawa uzi tena. Yeye na Shangazi wamekaa ua mmoja miaka ishirini, na maneno wanayoelewana nadhani hayafiki mia. Yanawatosha. Mmoja anapeleka tofu, mwingine anarudisha bakuli na maharage.

Meza zilijaa. Kulikuwa na mayai mekundu kwenye mabeseni, kaa wa chumvi, keki za mchele, na karibu karakana nzima imekuja na familia zao. Bosi Lai alikaa meza ya mbele na kijiko chake mwenyewe. Ningning alipitishwa mkono kwa mkono, amevaa kofia yenye masikio ya chui.

Sasa, desturi yetu ni kwamba siku hiyo bibi mzaa mama ndiye analeta nguo za mtoto, mpya, za kumtosha mpaka atembee. Wageni huzishika, huzigeuza nje ndani, hukagua mishono. Na bibi mwenyewe ni Sulian! Watu walikuwa wanasubiri tangu wiki iliyopita.

"Leo tutaona kazi," mama yangu aliwaambia wa mezani kwetu. "Kwa macho yale yale mabovu atawaaibisha wote."

Shangazi Sulian akasimama, akaweka mezani mfuko wa nailoni wenye mistari.

Alitoa kwanza kikoti chekundu cha pamba. Kisha gauni la maua madogo. Kisha suruali yenye mikanda. Alizipanga mezani kwa ukubwa, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika saba. Mitindo ile ni ya miaka ya tisini, kola pana, vifungo vya dhahabu ya plastiki. Kila mtu mle ndani anaishi kwa nguo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba zile ni za zamani.

"Shangazi jamani," Bosi Lai alisema kwa sauti, "kule nina jora mia tatu! Ungeniomba kitambaa!"

Wengine wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu walimwona Wenya. Alikuwa amesimama na mtoto begani, uso umekuwa mweupe.

"Mama. Hizi za nini?"

"Nguo za mtoto. Mpya. Hazijavaliwa."

"Najua hazijavaliwa."

"Hii ni ya miezi sita," Shangazi alisema, akagusa kikoti. "Hii ya mwaka. Hii mwaka na nusu." Alikwenda hivyo mpaka ya mwisho, akaiinua juu watu wote waione. "Hii nilikushonea ulipofikisha miaka saba. Tazameni. Itamtosha mtoto wa miaka mitatu, tena awe mwembamba. Mimi niliyewapima Wajerumani kwa akili."

Akaishusha mezani, akamgeukia binti yake.

"Bibi yako aliniambia zinakukaa. Alinionea huruma, Mungu amrehemu. Wenya, Jumanne Ningning alicheka."

"Ulisema bado."

"Nilikudanganya. Alicheka saa nne asubuhi, kabichi ilipoanguka. Nilikuonea huruma." Mkono wake ulikuwa unalainisha gauni ambalo halikuwa na kunyanzi. "Ni siku kumi tu kabla ya safari, na tayari nimeanza. Kule utanitumia nguo, nami nitakwambia zimemkaa vizuri."

Wenya alikaa kwenye kiti. Nilidhani atalia. Badala yake akawaka.

"Sasa ndiyo unaniambia? Leo? Mbele ya watu wote hawa, tiketi zimeshakatwa, Baba ameshanunua kitanda?"

"Kitanda kitakaa. Kina vyoo sita vya kukitunza."

Mtu mmoja nyuma alipaliwa na yai.

"Na nani atamlea? Wewe uko jikoni kwa Bosi, mimi niko kwenye overloki, Daobin yuko kwenye overloki. Turudi kwenye kikapu na mavumbi?"

"Mimi siendi," Shangazi alisema. "Na jikoni kwa Bosi sirudi. Nitamlea hapa, wewe uwe unamwona."

Bosi Lai aliacha kutafuna. "Eh! Ngoja kwanza. Mtoto nimeelewa. Hilo la jikoni umelitoa wapi?"

"Karakana si mahali pa mtoto. Wakili ameandika."

Watu kumi na tisa wakanigeukia kwa pamoja, na sikuona shukrani katika macho hata ya mmoja.

"Watakula nini?" Bosi Lai alifungua mikono. "Shangazi, nihurumie. Watakula nini?"

"Pika wewe, Bosi," alisema Daobin, ambaye husema mara mbili kwa mwaka. "Kama ile wiki aliyougua."

"Tusikumbushane!" mama yangu alipiga kelele. "Mimi mpaka leo nikiona biringanya naumwa."

Kicheko kikalipuka, na kelele zikaanza, kila mtu ana wazo lake. Ndipo Bi Loretta akanivuta mkono. Alikuwa amekaa kimya akila yai lake la tatu.

"Wanagombania nini hawa? Na mtoto wanampeleka wapi? Kwani bibi yake si huyu hapa?"

Nikamweleza kwa kifupi. Alinisikiliza akinikunjia uso kana kwamba mimi ndiye mjinga.

"Mbona jambo dogo? Hili ghala lina bomba. Lina mfereji wa maji machafu, mume wangu alioshea matambara hapa. Lina dohani. Mimi mwenyewe mwanangu nilimlea humu ndani, ndani ya kreti, na leo ana kilo mia moja na kumi. Apike hapa. Hao wengine hawana miguu? Wavuke barabara waje wale."

Nikatafsiri. Watu wakatazama juu kwenye dohani, kisha chini kwenye mfereji, kama vile ghala limeingia mlangoni sasa hivi.

"Wavuke barabara," Bosi Lai alirudia polepole. "Dakika tatu kwenda, tatu kurudi. Mara watu kumi na tisa."

"Bosi," nilisema, "jiko la karakana umeamriwa na wakaguzi ulitoe kabla ya mwezi wa pili. Barua iko kwenye droo yako."

"Nani kakwambia wewe?"

"Mimi ndiye niliyekutafsiria."

Akachukua keki ya mchele. Bosi Lai si mtu mbaya. Naye Ijumaa inamkaba koo, ila yeye huikabidhi kwa wengine. "Chumvi isipungue," alisema mwishoni, na kwa Bosi Lai hayo ni makubaliano yenye sahihi.

Lakini Shangazi hakuwa anamtazama Bosi. Wala sisi. Alikuwa anamtazama Wenya, ambaye bado hakuwa amekubali. Jiko, ghala na dohani vyote havikuwa na maana kama yeye angesema mtoto aende.

Wenya aliinua kile kikoti chekundu. Alikigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono, kazi ya mama yake enzi macho yake yakiwa mazima. Kisha akamvua Ningning sweta, akamvalisha. Mikono ya kikoti ikaning'inia, vidole vya mtoto havikuonekana.

"Kubwa," alisema Wenya.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kumwambia Shangazi Sulian kwamba nguo aliyomshonea mtoto wake ni kubwa.

"Ni ya miezi sita," alijibu. "Ana mitatu tu."

"Basi tungoje," alisema Wenya, akakunja mikono ya kikoti mara mbili, vidole vikatokeza. "Mama, mpigie Baba. Mimi siwezi kumwambia habari ya kitanda."

Mzee Guofu alipigiwa pale pale, akapiga kelele dakika ishirini, watu wote wakisikia. Baada ya wiki tatu akaja mwenyewe. Anasema amekuja kwa muda. Amepaka ghala rangi, ameziba dirisha lililovuja, sasa ndiye anayeosha mabakuli, na hakuna mtu ng'ambo hii ya Prato asiyejua idadi ya vyoo vyake. Nyumba ya ghorofa tano inalindwa na binamu. Usiku wa Mwaka Mpya tuliitazama kwenye simu, imewashwa taa zote, tupu, inapendeza.

Sitaki kudanganya kwamba tumeshinda. Jumamosi bado wanafanya kazi, na msimu ukikaza bado jua linawazamia kwenye mashine. Vipeperushi vyangu bado vinafungia samaki. Lakini saa saba mchana kifuniko kinagongwa mlangoni mwa ghala, sauti inavuka barabara, na watu kumi na tisa wanatoka nje, kwenye mwanga, wakitembea hatua mia na hamsini kwenda kula na mia na hamsini kurudi. Wengine walikuwa hawajui mti ulioko mbele ya karakana yao unatoa maua gani. Bosi Lai naye anakuja. Bi Loretta ana bakuli lake, ndiyo kodi pekee aliyoitaka. Wenya hutangulia wote, anafika amevua aproni, anamchukua mtoto wake na kukaa naye nusu saa kamili, na jioni saa kumi na mbili anazima mashine hata kama oda inalia. Mara ya kwanza alipoizima Bosi alifungua mdomo. Daobin akazima ya kwake pia. Bosi akaufunga.

Jumanne moja ya mwezi wa nne nilikuwa pale, namenya vitunguu saumu. Dirisha lilikuwa wazi. Wenya aliingia, akamnyanyua Ningning kwenye mkeka, akamgeuza huku na huku.

"Mama," alisema, "nyekundu imembana."

Shangazi Sulian aliweka upawa chini. Alikuja akifuta mikono, akamshika mtoto, akavuta mkono wa kikoti. Kifundo kizima kilikuwa nje. Akapitisha kidole kwapani, akajaribu kifungo cha chini, hakikufika.

"Kweli," alisema. "Imembana kabisa."

Akaanza kucheka, na hakuacha mpaka Ningning naye akacheka, na Wenya akakisikia kicheko hicho. Kisha akamwambia Guofu alete mfuko, atoe ile nguo ya pili.